Anachokula Kaimu

Mazimwi mengi niliyokutana nayo mezani yalikuwa hayana tumbo. Nimecheza mchezo huu katika miji ya reli na miji ya bandari, kwa lugha ninazozimudu na nyingine ninazozibabaisha tu, na kila mahali mchezo ni ule ule. Mmoja husimulia ulimwengu wa kubuni. Wenzake kila mmoja ana mhusika wake, husema mhusika huyo anafanya nini, kisha dadu lenye nyuso nyingi huamua kama amefaulu. Na karibu kila mahali, nyuma ya mlango fulani, pana zimwi linalosubiri kupigwa. Limesimama gizani miaka mia bila kula, bila kwenda haja, bila mama wala jirani, kama mlinzi wa zamu aliyesahauliwa na wakubwa zake. Mlango ukifunguliwa, linanguruma.

Fundi Baridi hakuyavumilia mambo hayo.

"Linakula nini humo ndani?" aliniuliza, siku nilipomsimulia zimwi la mji nilikotoka.

Nikasema sijui.

"Basi hilo si zimwi, ni kabati."

Alikuwa fundi wa mafriji. Karakana yake ilikuwa kati ya mchomeleaji na muuza vioo, na mafriji yalipangwa nje ukutani, milango wazi, kama watu waliokuja kwa daktari wa meno. Milango iliachwa hivyo kwa makusudi. Friji lililozimwa likifungwa, alinieleza, huota ukungu hata kama halikuachwa na kitu, na harufu yake haitoki kwa sabuni. "Wateja hudhani kuna nyama imesahaulika," alisema. "Hakuna nyama. Ni nafasi yenyewe iliyooza."

Nilikuwa nimempelekea mpira wa mlango wa friji la mama mwenye nyumba wangu. Mpira ulikuwa kazi ya dakika chache, lakini ilikuwa Jumapili alasiri, na katika chumba cha nyuma cha karakana watu walikuwa wanakusanyika kuzunguka friza la duka la nyama lililokufa zamani, limelazwa chini na kuwekewa ubao juu. Juu ya ubao palikuwa na dadu na vijisanamu vilivyotengenezwa kwa boliti na vipande vya bomba la shaba. Nikaomba kutazama. Nikabaki katika mji huo msimu mzima, na Jumapili zangu zote zikaishia pale.

Mchezo huo Baridi alijifunza ujanani, alipokuwa akitumika kwenye ghala la nyama. Chumba cha baridi kikizimwa kwa matengenezo huchukua muda mrefu kuirudia baridi yake, na fundi hawezi kuondoka kabla hajaiona sindano ya kipimo ikitulia. Mhandisi mgeni aliyesimamia mitambo alitoa dadu mfukoni akamfundisha kwa lugha ya kuokoteza. Wakawa wanakaa na makoti yao, wanaua majoka, sindano ikishuka polepole. Mhandisi aliondoka. Baridi akabaki na dadu, na baada ya muda akaanza kuyarekebisha mazimwi kama alivyorekebisha mashine.

Maana kwake mashine ni kitu kinachopokea hapa na kutoa pale. Friji halitengenezi baridi, alisema, linahamisha joto tu. Ukitaka kujua linaumwa nini, weka mkono nyuma yake usikie linatupa nini. Mazimwi yake yalikuwa hivyo hivyo. Alikuwa na mdudu wa mapangoni aliyeishi kwa kulamba jasho la farasi, kwa hiyo hakupatikana ila kando ya njia za milimani. Joka lake lilitaga mara moja tu maishani, na kwa sababu hiyo lilikuwa na wasiwasi zaidi kuliko ukali. Kwenye meza ile upanga haukusaidia sana. Ulishinda kwa kuchungulia mavi, kunusa upepo, na kuuliza ni nani kijijini ameacha kuonekana.

Wachezaji walikuwa watatu. Kinyozi wa mtaa, mwenye maneno kuliko wateja, alicheza mchawi mwoga. Karani mstaafu, ambaye hata ndani ya pango alinyoosha kidole kabla ya kusema, alicheza mwizi. Wa tatu alikuwa dada mkubwa wa fundi, mkata vitambaa katika kiwanda cha sare za shule. Walimwita Dada Mkasi, na mhusika wake alikuwa msoma nyayo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na vidole vyake vilitembea juu ya ubao kana kwamba vinatafuta mkunjo wa kitambaa.

Zamani walikuwa wanne. Wa nne alikuwa mume wake, mchimba visima, aliyecheza mbeba ngao anayeitwa Ngao. Siku ya harusi ya kinyozi, familia yote imeshavaa na gari linapiga honi nje, mume huyo alikuwa bado chumbani anatafuta viatu. "Tangulieni, nakuja," alisema. Wakatangulia.

Sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Hospitali zilikuwa zimeulizwa, polisi walikuwa wameulizwa, wachimba visima wenzake walikuwa wameapa. Huwezi kusema amekufa, hakuna aliyeleta maiti. Huwezi kusema ameacha mke, hakutamka neno. Na viatu vyake vyote, vya kazi, vya kutokea na ndala, vilikutwa ndani ya nyumba.

Jumapili iliyofuata harusi, karani alikuwa amenyoosha kidole akataka kujua Ngao atafanywaje. "Asiyekuwepo na lake halipo," alisema. "Ndivyo wahenga walivyosema."

"Wahenga hawakuwa wake zake," Dada Mkasi akamjibu.

Baridi akakata shauri pale pale, kwa huruma. Ngao hatakufa. Kiti cha shemeji kitabaki mezani, na watamchezea Ngao kwa zamu mpaka mwenyewe arudi. Akija mgeni, mgeni ndiye atakayekikalia.

Ndivyo nilivyokuja kucheza kama mtu nisiyemjua.

Nilipojiunga walikuwa tayari wanamfuata Kaimu. Baridi alilipatia zimwi hilo jina la ofisini kwa sababu, alisema, kazi yake ni ile ile: hukaa mahali pa mtu ambaye hayupo. Karani aliudhika kidogo. Mwenyewe alikuwa amekaimu ukuu wa idara karibu nusu ya utumishi wake.

Kaimu haji kwa mlangoni. Huota. Nyumba ikiwekewa mtu nafasi, na mtu huyo asije, nafasi ile huanza kushika unyevu, na ndani ya unyevu huo kuna kitu. Mwanzoni ni chepesi kuliko harufu. Chakula chake ni kile kitendo cha kuweka: sahani iliyofunikwa, upande wa kitanda usiolaliwa, swali linaloulizwa chumba kitupu. Chakula chenyewe hakigusi kikapungua. Asubuhi unakikuta kizima, lakini baridi kama jiwe, na hata chumvi haina ladha. Kadiri anavyolishwa, ndivyo anavyozidi uzito. Hang'ati mtu wala hafukuzi mtu.

"Anafanya nini sasa?" kinyozi aliuliza.

"Anaitika."

"Anaitika nini?"

"Chochote. Lakini haanzi yeye. Na hana habari zake mwenyewe. Anajua unachokijua wewe, anakurudishia kikiwa kimechelewa kidogo."

"Mke wangu huyo," alisema kinyozi, na karani akacheka mpaka akakohoa. "Basi hana madhara. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Ndiyo maana hukaa sana," Baridi akasema.

Kabla sijafika walikuwa wamefanya kosa moja kubwa, nao walinisimulia kwa aibu kidogo. Katika mji wa bondeni, kwenye nyumba ya msaga nafaka, walikuta kiti cha mtoto wa kiume aliyekwenda vitani. Kinyozi akakichoma kiti, wakasherehekea. Waliporudi baada ya mvua, pale kiti kilipokuwa pana pengo sakafuni, na watu wa nyumba ile wote wanalizunguka. Hakuna anayekanyaga. Mama anafagia kandokando. Pengo lilikuwa limeanza kukaribia mlango.

"Mlikiondoa kiti mkawaachia nafasi," Baridi aliwaambia. "Hakuna kiti kikubwa kuliko hicho."

Jumapili yangu ya pili, karani alinyoosha kidole. "Huzaaje huyu?"

Fundi alikuwa anasugua boliti kwa kitambaa chenye mafuta, na alijibu bila kuinua macho.

"Anazaa kwa kumwondoa mwenyeji. Mwenyeji haendi popote, msinielewe vibaya. Yumo ndani. Ila anaacha kutembelea watu. Akialikwa, anasema nitaona. Ukimwita anaitika, lakini anachelewa. Mwishowe majirani wanazoea, wanaanza nao kumwekea nafasi. Wanamfunikia chakula. Wanasema, tumwachie kiti, huenda akaja. Basi, ndani ya nafasi hiyo mtoto wa Kaimu anaota."

Dada Mkasi alikuwa amelifumbata dadu kiganjani. Alilifumbata muda mrefu, halafu akalirudisha mezani bila kulirusha.

Kisha wakaendelea. Kundi lilikuwa mlangoni mwa nyumba ya msaga nafaka, na zamu yangu ikafika. Sikuwa na wazo lolote. Nikasema kitu cha kwanza kilichokuja, kama mtu anavyosema anapotaka wengine waingie kwanza:

"Tangulieni, nakuja."

Karani akaishusha mikono yake mapajani. Dada Mkasi akanitazama usoni, halafu akatazama juu kidogo ya bega langu, kwa utulivu, kama unavyomtazama mtu aliyechelewa ambaye tayari umemsamehe.

"Usijali," kinyozi aliniambia tulipotoka nje kuvuta hewa. Hakuwa anatania. "Kila aliyekalia kiti kile ameisema. Mimi niliisema mwezi wa kwanza. Mzee karani naye. Alikuja fundi wa redio, hamjui mtu hata mmoja hapa, akaisema kabla hajamaliza soda yake."

Baridi alikuwa na maelezo yake, na aliyatoa huku akijaza gesi kwenye friji la mtu, jicho kwenye kipimo. "Ni dada. Hasemi kitu, lakini anaacha mwanya wenye ukubwa wa maneno hayo. Mtu akikaa pale anausikia mwanya, anaujaza. Haina uchawi."

"Na wewe unaamini hivyo?"

"Nikiwa hapa karakana, naamini."

Kila Alhamisi alikwenda kumwona dada yake, na alichokiona huko ndicho kilichomwandama. Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi. Jikoni palikuwa na sahani moja iliyofunikwa kwa sahani nyingine, kila mara, na dada alikula amesimama. Kiti cha mume kilielekea dirishani. Akizungumza, alikuwa na tabia mpya ya kusita mwisho wa sentensi, akimpisha mtu wa pili amalizie. Mara nyingine alitabasamu kana kwamba amemaliziwa. "Anapungua," Baridi aliniambia. "Si mwili. Sijui niseme nini. Juzi nimemwita mara kadhaa naye yuko mbele yangu. Halafu nikaenda nyumbani, mke wangu kapakua, nikajikuta nasema, mfunikie na dada, huenda akapita. Nikasikia nilichokisema. Sikulala."

Kulikuwa na jambo jingine la kumnyima usingizi. Kiwanda cha sare kilikuwa kinahamia mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Mashine zilikuwa zinafunguliwa kutoka sakafuni. Msimamizi alimtaka Dada Mkasi aende nao kama mkuu wa wakataji, na jibu alilitaka Jumatatu. Kazi aliipenda, ndicho kitu pekee kilichokuwa kinamtoa nje ya nyumba ile. Akibaki, alikuwa hana sababu tena ya kufungua mlango asubuhi. Lakini kila aliyemshauri alimjibu neno lile lile: "Akirudi, atanikuta wapi?"

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," kinyozi alimwambia.

"Tumbo ni langu."

Baridi aliniapia kwamba hakumbuni Kaimu kwa ajili ya kumsema dada yake. Nadhani alisema kweli. Nadhani mikono yake ilibuni, kama mikono ya fundi inavyofika kwenye tatizo kabla ya kichwa.

Jumapili iliyotangulia Jumatatu ya jibu, wote tulifika mapema na hakuna aliyeuliza habari za kiwanda. Ilikuwa alasiri ya jua kali. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na mchomeleaji wa jirani alikuwa anapiga chuma. Baridi aliikariri hali: nyumba ya msaga nafaka, pengo limefika kizingitini, mama wa nyumba amesimama jikoni na haitiki tena.

"Mchawi, unafanya nini?"

"Mchawi anakumbuka ana safari," kinyozi alisema.

"Mwizi?"

Kidole. "Mwizi anafungua sahani iliyofunikwa, anaonja."

"Haina ladha. Msoma nyayo?"

"Nasoma nyayo," Dada Mkasi alisema.

"Ndani ya nyumba?"

"Nje. Barabarani. Tulikotoka."

Baridi alishangaa, lakini kanuni ni kanuni. Akamsukumia dadu. Dada akalirusha, likatulia kwenye uso wenye namba kubwa kuliko zote. Fundi akaanza kumpa alichokipata, kwa sauti yake ya kawaida, akibuni papo hapo kama siku zote.

"Barabara ina matope. Unaona nyayo zako. Za mchawi, anavuta mguu kwa woga. Za mwizi, nyembamba. Za Ngao zinaanza kule mlimani, nyepesi, hazikuacha hata alama kwenye nyasi. Kijiji cha kwanza zimekuwa na umbo. Kwenye daraja zimezama. Na hapa mlangoni ni nzito, zimejaa maji, kama mtu aliyebeba..."

Akanyamaza. Mchomeleaji naye, kwa sababu zake, alikuwa ameacha kupiga.

"Endelea," dada yake alisema.

"Sikuwa nimepanga kusema hivyo."

"Najua. Ni kanuni zako. Mwanzo mwepesi kuliko harufu, kila akilishwa anazidi uzito. Haanzi kusema, anaitika. Hana habari zake mwenyewe." Alizungumza kwa upole, kama anayemsomesha mtoto vipimo. "Kaimu hayumo katika nyumba hii, mdogo wangu. Tumekuja naye."

"Dada, yule ni Ngao."

"Nani anamlisha Ngao?"

Kinyozi alitazama vidole vyake, na karani, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alisema neno bila kunyoosha kidole. "Sisi," alisema.

Dada Mkasi akageuza kiti chake kunielekea. Nilikuwa nimekaa pale nilipokaa Jumapili zote, na ghafla nikahisi kiti chenyewe chini yangu: ubao wake uliolika kwa umbo la mapaja ya mtu mpana kuliko mimi.

"Kaimu anajua ninachokijua," alisema. "Kwa hiyo nitauliza nisichokijua. Ngao. Siku ile uliondoka na viatu gani?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kucheka, kusema mimi ni mpita njia, sijawahi kumwona mumeo hata kwenye picha. Lakini jibu lilikuwa tayari limekaa mdomoni, laini, na lilitoka kwa sauti isiyokuwa na haraka:

"Vile unavyovijua wewe."

Baridi aliweka kiganja juu ya ubao, kama anavyokiweka nyuma ya friji. Joto la alasiri lilikuwa limejaa chumba kizima, na bado kinyozi alijikunyata.

Dada Mkasi alitikisa kichwa taratibu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo baada ya kulisubiri sana.

"Mume wangu alikuwa mbishi," alisema. "Angenipa uongo mpya."

Kinyozi akauliza: "Tumchome?"

"Ulishachoma kiti," karani akamkumbusha, "na tumeona."

"Basi tumfanye nini?"

Dada aliokota kijisanamu cha Ngao, boliti fupi lenye kipande cha shaba kwa ngao, akakipima uzito kiganjani. Kisha akakiweka mbele yangu. "Mgeni, wewe mwenyewe ungetaka awe mtu wa namna gani?"

"Dada," Baridi alisema. Sauti yake ilikuwa ya mdogo mtu. "Tulisema tutamtunzia mpaka arudi."

"Akirudi nitamgombeza mwenyewe, na utamtengenezea boliti jingine. Hiki ni kiti, mdogo wangu. Mtu akikalie kwa shughuli zake."

Kwa hiyo nilianza, kwanza kwa kubabaika. Nikasema anaogopa maji. Nikasema anaimba vibaya na hajui kwamba anaimba vibaya. Kinyozi akadai awe amemkopa mchawi farasi na kumrudishia punda, nikakataa, tukabishana. Nikaiuza ngao yake kwa msaga nafaka kwa chungu cha asali, nikampa jina la mjomba wangu mmoja mlafi. Mtu yule alizidi kuwa mpumbavu na wa kwangu, na tulipofika kwenye asali Dada Mkasi alikuwa anacheka, mkono mdomoni, kicheko chenye kutu. Alipomaliza kucheka alisema sentensi, sikumbuki ipi. Ninachokumbuka ni kwamba aliimalizia mwenyewe.

Jumatatu alimwambia msimamizi ndiyo.

Siku ya kuhama tulikwenda kumsaidia, Baridi, kinyozi na mimi. Karani alituma salamu na udhuru wa mgongo wake. Lori la kiwanda lilikuwa mlangoni. Tulitoa meza, tukatoa cherehani, tukatoa kiti cha dirishani, ambacho kinyozi alikikalia kule juu ya lori, miguu imetanuka, akila ndizi. Viatu vya mume, Dada Mkasi alivitia katika mfuko akawapa wachimba visima wenzake wagawane. Alifanya yote hayo kwa kasi ya mtu anayekata kitambaa baada ya kupima.

Godoro lilikuwa la mwisho. Baridi alivuta shuka ili tulikunje, akasimama.

"Dada. Hili godoro ni la zamani?"

"La mwaka jana. Lile la mwanzo liliingia panya, nikalitupa."

"Shemeji hajawahi kulilalia."

"Angelilaliaje?"

Dada akaja akasimama kati yetu, tukatazama wote. Upande wa ukutani, anakolala yeye, sponji ilikuwa imebonyea kidogo, umbo la mwanamke mwembamba anayelala ubavu. Upande wa pili palikuwa na shimo refu, kubwa, lililozama mara mbili ya lile, la mtu aliyelala chali.

Fundi aliinama akachungulia chini ya kitanda. Alipapasa chaga moja moja: zote zilikuwa nzima, zimenyooka. Akapima sakafu kwa boliti alilolitoa mfukoni, akaliweka juu ya vigae, nalo halikubingirika. Kisha akaweka kiganja ndani ya lile shimo na kukiacha hapo kwa muda, akisikiliza. Alipokitoa alikifuta kwenye suruali.

"Tuliache hapa," alisema. "Au nikalichome nyuma ya karakana."

Kinyozi alikuwa ameingia na ganda la ndizi mkononi. Aliona tunachokitazama, na hakuwa na mzaha wowote.

Dada Mkasi alilikazia macho shimo lile. Midomo yake ilicheza kidogo, na nilidhani atauliza kitu. Nje dereva alipiga honi. Sote tulisikia kimya kilichofuata honi ile. Kilikuwa na urefu wake, kilikuwa na mwanya wa kutosha maneno mawili, na hakuna aliyeyasema.

"Ukilichoma nitakuwa nalo maisha yangu yote," alimwambia mdogo wake. "Shikeni huku. Ligeuzeni, mlipakie. Kule nitalala katikati."